Kiua cha Usambara na Urithi Wake

Katika misitu ya Amani, juu ya miamba yenye kivuli na unyevu, humea mmea mdogo wenye majani ya vinyweleo na maua ya zambarau. Mpita njia aweza kuupita asiutambue. Lakini jamaa zake wamo madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, nao ni wa namna nyingi: weupe, wa waridi, hata wenye petali tele zilizojikunja. Je, tofauti hizo zilitoka wapi?

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika Tanga, aliuona mmea huu, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akauita Saintpaulia. Katika miaka ya 1920 bustani ya Armacost na Royston, huko Los Angeles, ilipanda mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, na katika miche mingi ikachagua namna 10 tu. Katika hizo zilitoka nyingi zilizofuata.

Hapa twaona kazi ya urithi. Kila mche hupokea sehemu kwa baba na sehemu kwa mama, na urithi wa zambarau huufunika ule wa waridi. Tukichanganya mmea wa zambarau halisi na wa waridi, watoto wote huwa zambarau. Lakini miongoni mwa wajukuu, yapata mmoja katika 4 huwa waridi. Waridi haikupotea, bali ilifichwa. Kanuni hii aliieleza Mendel, mtawa wa Brno, mwaka 1866, baada ya kujaribu njegere.

Pengine urithi hubadilika ghafula, likazuka ua lisilopata kuonekana. Mtunza bustani akilipenda, huchomeka jani udongoni, nalo huota mche ulio sawa na mama yake. Wachina nao, kwa kuchagua wazazi vizazi kwa vizazi, walipata samaki wa dhahabu kutokana na samaki wa rangi hafifu.

Basi bustani huchagua tu katika kile ilichopewa. Hazina yenyewe imo msituni, ambako baadhi ya namna za kiua hiki humea mahali padogo sana. Msitu ukifyekwa, kivuli huondoka, na mmea hukauka pamoja na urithi ambao hakuna bustani iliyouchukua. Kwa hiyo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, yatuhusu sote. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.