Ratibu ya Haddad

Ratibu ya Haddad ni mkusanyiko wa aya za Qurani, dhikiri na dua unaosomwa usiku baada ya sala ya Isha katika misikiti mingi ya Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija, na pia majumbani. Aliyeupanga ni Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad (1634–1720), mwanachuoni kipofu wa Tarim, Hadhramaut. Kisomo chenyewe ni kifupi. Aliyekizoea hukimaliza kahawa ikiwa bado ya moto. Ufupi huo umekusudiwa. Al-Haddad alikuwa akiwaandikia watu wenye shamba, duka na watoto wa kulisha, na mafundisho yake yote yanazunguka swali moja: mtu wa namna hiyo ataipitishaje siku yake bila kumsahau Mola wake?

Alizaliwa mwezi wa Safar 1044 Hijria katika kitongoji cha Subayr, nje ya mji wa Tarim. Alipokuwa na miaka minne hivi, ndui ilimpofusha. Alihifadhi Qurani angali mdogo, na wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba akitoka chuoni wakati wa dhuha alikuwa akipitia msikitini kusali rakaa 100, pengine 200, ndipo arudi nyumbani. Kuna kinaya hapa, maana mtoto huyo wa rakaa 200 ndiye aliyekuja kuwausia watu wachukue kidogo wanachokiweza. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Umar bin Abdurrahman al-Attas wa Huraydha, naye kipofu, ambaye ratibu yake mwenyewe husomwa hadi leo katika baadhi ya misikiti. Vitabu vyake al-Haddad alivitoa kwa imla, wanafunzi wakiandika.

Kabla ya ratibu kulikuwa na kitabu. Mwaka 1069 Hijria, akiwa kijana wa miaka 25 hivi, aliombwa na sharifu mmoja amwandikie wosia wa kushika. Ndipo ilipotoka *Risalat al-Mu'awana*, yaani Waraka wa Msaada. Aliyewahi kusoma *Bidayat al-Hidaya* ya Imam Ghazali (aliyefariki 1111) ataitambua njia, lakini mpangilio umebadilika. Ghazali humshika mwanafunzi tangu anapofumbua macho alfajiri, akafuatana naye hatua kwa hatua mpaka kitandani. Al-Haddad anaanza na moyo: yakini, kisha nia, kisha kuchunga kwamba Mwenyezi Mungu anamwona mja wake. Akishamaliza hayo ndipo anaposhuka kwenye chakula, usingizi, mwendo na maongezi.

Mlango wa nia ndio wenye manufaa makubwa zaidi kwa mtu wa kawaida. Anayekula ili ashibe, amepata shibe yake na basi. Anayekula akinuia kupata nguvu za kusali na kuhangaikia familia yake, ubwabwa uleule umemwandikia thawabu. Tena tendo moja hubeba nia nyingi: aliyeingia msikitini anaweza kunuia kungojea sala, kukaa itikafu, kusikiliza elimu na kuonana na nduguze, na kila nia ikawa na malipo yake. Kwa hesabu hii siku ya mvuvi au ya mama lishe haina saa isiyofaa kwa ibada.

Kwenye wakati, hata hivyo, al-Haddad ni mkali. Anataka siku igawanywe, sala za sunna ziwe na saa zake, Qurani saa zake, elimu, dhikiri na kutafakari vivyo hivyo. Kiasi kiwe kidogo lakini kisikatike, kwa kufuata hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Aliyepitwa na uradi wake wa usiku aulipe mchana, nafsi isije ikazoea kuachiliwa. Anayefikiri kwamba usufi ni kujitenga pangoni atashangaa jinsi maagizo haya yanavyofanana na ratiba ya mtu mwenye kazi.

Katika kuzungumzia uadilifu, anamgeukia hata asiyetawala mtu yeyote. Kila mja ana raia saba wa kwanza: jicho, sikio, ulimi, tumbo, tupu, mkono na mguu. Ataulizwa juu ya hao kabla ya kuulizwa juu ya mke, watoto na waliomo mikononi mwake. Wazazi, jamaa na majirani wamewekewa nafasi zao, kama ilivyo katika vitabu vingine vya adabu.

Miaka miwili baada ya kitabu hicho, Hadhramaut ilikuwa imechafuka. Majeshi ya Imam al-Mutawakkil Ismail, mtawala wa Kizaidi kutoka Yemen ya kaskazini, yalikuwa yameliingiza bonde hilo chini ya mamlaka yake. Wahadhrami, ambao ni Washafii, walihofia itikadi ya watu wa kawaida isije ikayumba. Mapokezi yanasema kwamba mwanafunzi aitwaye Amir, wa Banu Saad, mkazi wa Shibam, alimwomba al-Haddad ampatie kisomo ambacho watu wa kwao wangekisoma kwa pamoja. Alikipata usiku wa mwezi 27 Ramadhani 1071, ambao kwa hesabu ya miladi ni Mei 1661.

Hofu hiyo imeacha alama ndani ya maneno yenyewe. Kipo kifungu, kinachotamkwa mara tatu, kinachokiri kwamba kheri na shari zote huwa kwa matakwa ya Mwenyezi Mungu. Wazaidi, waliorithi hoja nyingi za Muutazila, walishikilia kwamba mtu ndiye anayeyaleta matendo yake mwenyewe. Mkulima wa Shibam asingeweza kubishana na wanazuoni wa ilimu ya tauhidi; aliloliweza ni kuitamka itikadi yake kila usiku mbele ya jirani zake, mpaka ikamkaa ulimini. Mbele kidogo kipo pia kifungu cha kumwomba Mwenye nguvu awakinge na shari ya madhalimu. Haihitaji sherehe ndefu kujua walikuwa wakifikiriwa akina nani.

Mpangilio wa ratibu ni huu. Hufunguliwa kwa Alhamdu, Ayatul Kursiyu na aya mbili za mwisho za sura ya Baqara. Kisha hufuata dhikiri fupifupi za tahlili, tasbihi, sala ya Mtume, kinga na toba, takriban zote mara tatu tatu. Dua ya kufishwa katika Uislamu husomwa mara saba, na istighfari mara nne. Halafu huja *La ilaha illallah* mara 50, ambayo mwenye nafasi anaweza kuizidisha mpaka 100 au zaidi. Baada yake ni Ikhlasi mara tatu, Falaki na Nasi, kisha Fatiha kadhaa: ya Mtume na watu wa nyumba yake, ya al-Faqih al-Muqaddam Muhammad bin Ali, anayehesabiwa mwasisi wa njia ya Alawiyya, ya masufi, ya mwenye ratibu, ya wazazi na ya Waislamu wote. Hufungwa kwa kuomba radhi na pepo, na kujikinga na ghadhabu na moto.

Ukiangalia msikiti wa mtaa ndipo unapoona kwa nini idadi zimewekwa ndogo. Sunna ya baada ya Isha ikisha, wenye haraka hutoka, waliobaki husogea wakakaa duara au safu mbili zinazotazamana. Imamu, au mzee aliyezoeleka, huleta Fatiha. Yeye hutangulia, wengine huitikia, na kwa kuwa kila kifungu hurudiwa, asiyejua mara ya kwanza hudaka mara ya pili na ya tatu huwa sawa na wenzake. Hivyo ndivyo watoto wanavyoijua ratibu kabla hawajamaliza juzuu, bila mtu kuwakalisha kuwafundisha. Ikifika tahlili mwendo hubadilika: sauti hushuka kifuani, vichwa huanza kuyumba, na kiongozi huhesabu kwa tasbihi au kwa pingili za vidole. Mtoto aliyesinzia kando ya nguzo huamka hapo. Dua ikisha, watu hupeana mikono na kutafuta viatu vyao.

Ramadhani ratiba hupinduliwa. Ratibu husomwa kabla ya Isha ili isiwacheleweshe watu na tarawehe. Ni desturi ya tangu zamani, na inaonyesha mtungaji alivyotaka kisomo chake kikae mahali pake, nyuma ya sala.

Huku pwani kilifika na majahazi ya kaskazi na masharifu wa Kihadhrami walioenea Pate, Lamu, Ngazija na Unguja. Wenyeji nao walikwenda kuifuata elimu kwenye chanzo chake. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861, alisoma Hadhramaut kisha akawa kadhi wa Zanzibar. Rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, naye alipita Tarim kabla ya kufungua chuo chake Unguja. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925, na wanafunzi wao ndio walioshika misikiti na vyuo vya pwani kwa miongo iliyofuata.

Lamu ina kisa chake. Habib Swaleh bin Alawi Jamalullail alitoka Ngazija akahamia huko katika karne ya 19, akaanzisha kituo cha Riyadha upande wa Langoni. Aliwakaribisha darsani watoto wa waliokuwa watumwa na wageni wa hali ya chini, jambo ambalo waungwana wengi wa mji hawakulipenda. Kisomo cha kuitikia kwa pamoja kilifaa mno kwa umma wa namna hiyo, kwani hakikumtaka mtu awe na kitabu wala nasaba.

Katika karne ya 20 aliyeipeleka ratibu mbali zaidi na bahari ni mtu wa ukoo wa mtungaji mwenyewe, Habib Ahmad Mashhur al-Haddad (1907–1995). Aliishi Mombasa na Kampala kwa miaka mingi, na watu wengi walisilimu mikononi mwake, hasa Uganda. Nje ya Afrika Mashariki, ratibu husomwa Indonesia, Malaysia na Singapore, walikohamia Wahadhrami wengine, na Cape Town, ambako kisomo cha usiku wa Ijumaa chenye asili hiyo huitwa gadat.

Haikukosa wapinzani. Wanaoikataa wanahoji mambo matatu: kusoma dhikiri kwa sauti moja, kuweka idadi ambazo Mtume hakuziweka, na kuwapelekea Fatiha waliokufa. Wanaoitetea hujibu kwamba sehemu kubwa ya maneno yake imetoka katika Qurani na hadithi, na kwamba kukutana kwa ajili ya dhikiri kuna sifa katika hadithi sahihi. Mjadala wa bid'a ulipamba moto pwani katika miaka ya 1970, na mtu anayeonyesha ugumu wake ni Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy (1912–1982), Kadhi Mkuu wa Kenya na mfasiri wa Qurani kwa Kiswahili. Alikuwa mwanafunzi wa Sayyid Umar, mtoto wa Ahmad bin Sumeit, na mwaka 1972 aliandika kitabu cha kuwaenzi wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, masharifu wakiwa mstari wa mbele. Miaka mitano baadaye alitoa kijitabu cha kupinga bid'a. Msimamo wake haukuwa wa kambi moja, na wanaomtaja leo kila upande huchukua nusu yake tu.

Kwa desturi ratibu hupokewa kwa ijaza, yaani mwanafunzi hupewa ruhusa na mwalimu aliyepewa na mwalimu wake, mnyororo ukirudi hadi Tarim. Vijitabu vilivyochapwa viliufanya utaratibu huo ulegee, na simu zimeulegeza zaidi. Siku hizi maandishi yake hupatikana pia kwa herufi za Kilatini kwa wasiosoma Kiarabu. Walimu wa vyuo hulalamika kwamba herufi hizo hufuta tofauti ya hā nzito na nyepesi, na ya sini na swadi, kiasi cha neno kugeuka maana. Kwa hiyo wengi bado humtaka mwanafunzi asome mbele yao mara ya kwanza, warekebishe matamshi, ndipo wampe ijaza aendelee mwenyewe.