Uzazi wa utashi: istilahi na hesabu yake

Utafiti wa Demografia na Afya wa Uganda wa mwaka 2016 uliwahoji wanawake 18,506 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kati ya matokeo yake kuna namba mbili zinazopaswa kusomwa pamoja: 5.4 na 4.3. Ya kwanza ni kiwango cha jumla cha uzazi, istilahi ambayo wasomaji wa magazeti wameshaizoea. Ya pili hutafsiriwa ovyo: mara "uzazi unaotakiwa", mara "idadi ya watoto inayohitajika", mara "uzazi bora". Makala haya yanaihusu hiyo ya pili, na sababu za kupendekeza iitwe kiwango cha uzazi wa utashi.

Tuanze na ile ya kwanza, maana ya pili imejengwa juu yake. Wanawake hugawanywa katika makundi saba ya umri, miaka mitano mitano. Katika kila kundi huhesabiwa watoto waliozaliwa ndani ya miaka mitatu kabla ya mahojiano, idadi yao ikagawanywa kwa miaka ambayo wanawake hao waliishi katika umri huo. Viwango saba vinavyopatikana hujumlishwa, kisha huzidishwa kwa tano. Jibu linatueleza binti angepata watoto wangapi iwapo angepitia umri wote wa kuzaa akizaa kama wanawake wa kila rika wanavyozaa sasa. Ni hesabu ya mama wa kubuni. Uganda hesabu hiyo ilikuwa 6.9 mwaka 1995, ikashuka hadi 5.4 mwaka 2016, na 5.2 mwaka 2022. Wastani huo una pande zake: mwaka 2016 mijini ilikuwa 4.0, vijijini 5.9.

Kiwango cha pili hupatikana kwa hesabu ileile, ila baadhi ya watoto huondolewa. Kila mama huulizwa: kama angeweza kurudi nyuma mpaka wakati ambao hakuwa na mtoto, akachagua mwenyewe idadi ya watoto wa kuwa nao maishani, wangekuwa wangapi? Tuseme amejibu wanne. Mtoto aliyetungwa mimba wakati mama ana watoto hai watatu huhesabiwa kuwa alitakiwa. Aliyetungwa mimba wakati tayari wapo wanne hutolewa kwenye hesabu. Tofauti ya 5.4 na 4.3 ni mtoto mmoja na kidogo kwa kila mwanamke: ndio uzazi uliozidi utashi wa mama wenyewe.

Sasa tafsiri. Tatizo la "unaotakiwa" liko ndani ya Kiswahili chenyewe. Kutaka ni tendo la moyo, lakini likigeuzwa kuwa "kutakiwa" mara nyingi huwa amri. Mwanafunzi anatakiwa afike saa mbili. Mwombaji anatakiwa kuleta kitambulisho. Msomaji akikuta "idadi ya watoto inayotakiwa Uganda ni 4.3", ana haki ya kudhani serikali imeweka kikomo. "Inayohitajika" ina kasoro hiyohiyo, na inazidi kumsukuma msomaji afikirie nguvu kazi ya taifa. "Matakwa" yangefaa, lakini nayo yameshaingia ofisini: tunasema matakwa ya sheria, matakwa ya mkataba. "Uzazi bora" ni hukumu, nayo ni kazi ya mhubiri au mwanasiasa, si ya mtakwimu.

Utashi unabaki upande wa mtu. Tunaposema utashi wa kisiasa, tunauliza kama viongozi wenyewe wana nia, bila kujali sheria inasemaje. Neno hili lina faida nyingine: linadai mwenyewe. Ukiandika "uzazi wa utashi", msomaji atauliza ni utashi wa nani, nawe utalazimika kujibu. Katika hesabu hii jibu ni moja: wa mama. Utashi wa mume, wa mama mkwe na wa ukoo haumo.

Neno "uzazi" nalo lilindwe. Kuna wanaotumia "rutuba" kwa kufuata kamusi, kana kwamba mwanamke ni shamba. Katika demografia kinachopimwa ni watoto waliozaliwa hai. Uwezo wa mwili wa kuzaa ni jambo jingine na uitwe hivyo, uwezo wa kuzaa. Wanaotafsiri kutoka lugha mbili wawe macho zaidi, kwa kuwa Kiingereza na Kifaransa vimepishana hapa: fécondité ya wanademografia wa Kifaransa ndiyo fertility ya Waingereza, na fertilité ya Kifaransa ndiyo fecundity ya Kiingereza. Mfasiri anayefuata sauti ya neno atabadilisha maana ya jedwali zima.

Mpishano huo una uzito wake katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda. Makazi hayo yalianza mwaka 1958, na Juru ni mojawapo ya maeneo yake makuu, pamoja na Base Camp na Rubondo. Humo Kiswahili cha Kongo, ambako kuzaa ni kuzala, hukutana na Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali na Runyankole ya wenyeji. Mfasiri mmoja amesomea Kifaransa Bukavu, mwingine Kiingereza Mbarara, na dodoso ni moja.

Wastani wa taifa hauwezi kuhamishiwa Juru moja kwa moja. Viwango vya jumla vya uzazi katika tafiti za nchi walikotoka wakimbizi vinatofautiana sana: Kongo 6.6 katika utafiti wa 2013–2014, Burundi 5.5 mwaka 2016–2017, Rwanda 4.1 mwaka 2019–2020, Somalia 6.9 katika ripoti ya 2020. Aliyevuka mpaka amebeba historia ya uzazi iliyoanzia kwingine.

Pia kuna hesabu nyingine inayoweza kuchanganywa na ya uzazi. Kwenye mgawo wa chakula au fedha, ukubwa wa familia ni watu walioandikishwa pamoja, nao wanaweza kuwa ni pamoja na mpwa, mjukuu na yatima wa jirani aliyeachwa njiani. Mama mwenye familia ya watu tisa kwenye karatasi huenda amezaa watatu. Kwa hiyo "ukubwa wa familia" isitumike kamwe kama tafsiri ya kiwango cha uzazi, hata kama sentensi inasomeka vizuri.

Vita vinaigusa hesabu ya utashi kwa namna nyingine pia. Kanuni inahesabu watoto hai. Mama aliyetaka wanne, akazaa sita, akafiwa na watatu, mtoto wake wa saba anaingia kwenye uzazi wa utashi, kwa sababu alipotungwa mimba waliokuwa hai ni watatu tu. Anayelisoma jedwali bila kuijua kanuni hii atamwona mama wa watoto saba na kuhitimisha haraka kuwa hakupanga.

Kisha kuna jibu ambalo kila mhoji wa ukanda huu amelisikia: Mungu ndiye anayejua. Mama asiyetaja namba huchukuliwa kuwa aliwataka watoto wake wote. Ni uamuzi wa watakwimu, na athari yake ni kuikuza 4.3. Inakuzwa pia na huruma ya kawaida: mama aliyempakata mtoto wa sita ataona uzito kusema alitaka watano. Ndiyo maana mwaka 1990 mwanademografia John Bongaarts alipendekeza kipimo kinachotegemea swali jingine, yaani kama mama anataka mtoto mwingine kuanzia sasa, swali lisilomlazimisha amkane aliye mapajani.

Nne nukta tatu, basi, isomwe kama makadirio yanayoelekea juu. Pengo halisi kati ya uzazi na utashi huenda ni pana kuliko linavyoonekana, na utafiti uleule wa 2016 una ushahidi wa karibu: asilimia 28 ya wanawake walioolewa walitaka kuacha kuzaa au kupumzika kwanza, lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote ya uzazi wa mpango.

Anayeandaa dodoso la Kiswahili kwa Juru ana mambo matatu ya kuzingatia. Aandike "wewe mwenyewe ungependa", si "wanatakiwa wangapi". Aweke nafasi ya kuandika jibu lisilo na namba kama lilivyosemwa. Na katika ripoti, kila neno utashi lifuatwe na jina la mwenye utashi huo.