Askofu bila jimbo

Tarehe 24 Aprili 1975 Papa Paulo VI alimpeleka François-Xavier Nguyễn Văn Thuận, askofu wa Nha Trang, kuwa askofu mkuu mwandamizi wa Saigon. Siku sita nyuma, Wakomunisti wakauteka mji. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, wakamkamata. Alifungwa miaka 13, na katika hiyo miaka 9 peke yake.

Kilichomsumbua sana ni jimbo: seminari, shule, wakristu aliowaacha. (Sisi mapadri twaujua ugonjwa huo, hata bila kifungo.) Usiku mmoja akafahamu moyoni kwamba mambo yale ni kazi za Mungu, si Mungu mwenyewe, Mungu akitaka aziache, basi aziache. Ndipo akapata amani.

Waamini walimletea divai kidogo kama dawa ya tumbo. Matone matatu ya divai na tone moja la maji kiganjani: hiyo ndiyo Misa yake. Wakubwa walikuwa wakibadilisha walinzi wake mara kwa mara. Mwishoni wakaacha, wakiogopa kwamba atawageuza wote.