WHOIS: Daftari la wenye tovuti na mvutano kuhusu faragha

WHOIS ni daftari la mtandaoni ambalo kwa miaka mingi lilimwezesha mtu yeyote kumjua aliyesajili tovuti fulani. Lilianza mwaka wa 1982, wakati ambapo mtandao wa kompyuta ulitumiwa na watafiti wachache, hasa wa Marekani. Lilisaidia mhusika apatikane, kwa mfano hitilafu ikitokea.

Intaneti ilipofunguliwa kwa umma, daftari hilo lilibaki wazi. Shirika la ICANN, lililoundwa mwaka wa 1998 kusimamia majina ya tovuti duniani, lilitaka wanaosajili majina kama yale yanayoishia kwa .com watoe jina, anwani, nambari ya simu na barua pepe.

Uwazi huo uliwafaa polisi, wanahabari na wenye nembo za biashara waliowasaka matapeli wa tovuti bandia. Hata hivyo, hakuna kizuri kisicho na ila. Walaghai nao walichota humo anwani za kutumia barua taka, naye mwandishi anayewakosoa wakubwa akajikuta makazi yake yameanikwa. Baadhi ya watu walijaza maelezo ya uongo. Wengine walilipia huduma ya kuficha majina yao.

Mambo yalibadilika Mei 25, 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data za kibinafsi, GDPR, ilipoanza kutekelezwa. ICANN iliishtaki kampuni ya usajili ya EPAG mjini Bonn, Ujerumani, ikitaka iendelee kukusanya maelezo ya wasimamizi wa tovuti. Siku chache baadaye, mahakama ilikataa ombi hilo.

Tangu hapo, maelezo mengi ya watu binafsi hufichwa. Anayeyahitaji humwomba msajili na kueleza sababu, naye msajili ndiye huamua. Mnamo Januari 28, 2025, mfumo mpya wa RDAP ulichukua rasmi nafasi ya WHOIS kwa majina yanayosimamiwa na ICANN.

Nchini Kenya, majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KENIC, nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka data za mtu zikusanywe kwa lengo lililobainishwa.

Kwa anayetapeliwa, kusubiri jibu la msajili kunaweza kumpa mwizi nafasi ya kutoroka. Lakini tarehe ya kusajiliwa kwa jina na kampuni iliyolisajili bado huonekana kwa kawaida. Tovuti inayojiita benki kongwe, ilhali jina lake lilisajiliwa wiki jana, ni ya kutiliwa shaka.