Masanduku ya Vitabu Mwambaoni mwa Ziwa Nyasa: Historia na Hukumu ya Maktaba Iliyo Wazi kwa Kila Jirani

Swali lililotufikia

Kijana mmoja wa mwambao wa Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Nyasa ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mbinga, alitujia na swali ambalo tumeona si lake peke yake. Baba yake, aliyesomesha madrasa kwa miaka mingi, amefariki na kuacha masanduku mawili ya vitabu. Ndugu zake wanataka vigawanywe kama mirathi nyingine. Yeye anataka chumba kimoja cha uani kifunguliwe, vitabu viwekwe humo, na asome kila mwenye kutaka kusoma. Wazee wawili watatu wa msikitini wamemkubalia kwa sharti moja: asiingie asiye Mwislamu. Na huko kwao majirani walio wengi ni Waanglikana na Wakatoliki. Je, afuate lipi?

Tulifika nyumbani hapo, tukayafungua masanduku pamoja naye. La kwanza lilikuwa limekaa juu ya udongo, na mchwa wamekula vitabu vya chini vyote. Kitabu cha nahau kilibaki jalada na kurasa za katikati. La pili lilikuwa salama. Tulikuta humo Safinatun-Naja, mijalada ya sharhe za fiqhi, na madaftari ya marehemu mwenyewe aliyoyaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Na ubavuni mwa madaftari kulikuwa na kitabu cha sala cha Kianglikana, kwa Kinyanja, kimeandikwa kwa kalamu ya risasi jina la mwenyewe: mwalimu wa kanisa wa kijiji cha pili. Kijana akatueleza kuwa wazee wale wawili walikuwa wakiazimana vitabu tangu yeye mdogo.

Ndugu msomaji, ili tujibu swali hili vyema, hatuna budi kwanza kutazama vitabu vilifikaje katika nchi ile, kisha wanazuoni wetu walisema nini juu ya maktaba na mwenye kuitunza.

Vitabu vilivyofika ziwani

Mbinga na mwambao wake si nchi ya watu wa namna moja. Milimani wako Wamatengo, wenye kilimo chao mashuhuri cha ngoro na mashamba ya kahawa. Chini ziwani wako Wanyasa, Wamanda na Wampoto. Upande wa Songea Wangoni, na kusini na mashariki Wayao. Kila kundi lilijuana na kitabu kwa njia yake.

Herufi za Kiarabu zilifika kanda ya ziwa kwa misafara ya pwani. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, aliweka makazi Nkhotakota, upande wa magharibi wa ziwa. Machifu wa Kiyao, kama Makanjila na Mataka wa Mwembe, nchi ambayo leo iko Msumbiji, walikuwa na makarani walioandika barua zao kwa Kiswahili kwa herufi hizo. Lakini haifai kuieleza historia hii nusu. Majahazi yaliyokuwa yakivuka ziwa yalibeba pembe na watumwa, na misafara iliyoshika njia ya Kilwa ilikuwa na watu shingoni mwao mna minyororo. Msahafu na mnyororo vilipita njia moja. Mwenye kuona fahari kuwa elimu yetu ilitangulia ziwani, na akumbuke pia namna ilivyofika, na asiwashangae majirani ambao babu zao hawakuionja kwetu ila kwa hofu.

Katika miaka ya 1880 misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifanya makao kisiwani Likoma, na huko ikawa na mtambo wa kuchapa vitabu kwa Kinyanja. Kuanzia 1901 meli yao, Chauncy Maples, ilizungukia vijiji vya ziwani. Padri wao William Percival Johnson, aliyefanya kazi ya kutafsiri kwa Kinyanja, alifariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, mwambao huu huu. Upande wa bara, Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera, katika ardhi ya Mbinga, mwaka 1899. Misheni hizo mbili zilichomwa moto katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, zikajengwa upya, na baadaye Peramiho ikawa na kiwanda cha uchapaji kinachojulikana nchi nzima.

Basi vitabu havikukosekana. Vilikaa kila kimoja katika nyumba yake: cha Kiarabu katika sanduku la mwalimu, cha Kinyanja kanisani, cha Kilatini na Kijerumani misheni. Mtoto wa Kimatengo na mtoto wa Kiyao waliokaa mwendo wa siku moja tu waliweza kukua na kuzeeka bila mmoja kujua mwenzake anasoma nini.

Maktaba za Marw na mtumwa aliyesoma

Katika historia ya Kiislamu tunao mfano ulio karibu sana na jambo letu. Yaqut al-Hamawi, mwandishi wa kamusi kubwa ya miji, Mu'jam al-Buldan, alizaliwa katika nchi ya Warumi, akatekwa utotoni, na akauzwa Baghdad kwa mfanyabiashara. Bwana wake alimtia chuoni ili amwekee hesabu za biashara. Baadaye akamwacha huru. Yaqut akawa mnakili na muuzaji wa vitabu, akasafiri, na akafika Marw, mji ulio leo katika nchi ya Turkmenistan.

Anatusimulia kuwa aliacha Marw maktaba 10 za wakfu. Moja, al-Aziziyya, ilikuwa na mijalada 12,000 hivi, na aliyeiweka wakfu alianza maisha yake akiuza matunda na maua sokoni hapo hapo Marw. Wakutubi wa mji ule walimwazima Yaqut vitabu kwa wepesi, hata nyumbani kwake hakukosekana mijalada 200 au zaidi, na mingi katika hiyo bila rehani. Alitoka huko mwaka 616 Hijria (1219) akiwakimbia Watatari, nao wakauangamiza mji muda mfupi baadaye. Kazi yake kubwa imejaa faida alizozikusanya katika maktaba zile.

Tulitazame jambo hili vizuri. Mgeni, asiye na ukoo mjini, aliyewahi kuwa mtumwa, anapewa vitabu 200 aende navyo nyumbani. Wakutubi wale hawakumuuliza ametoka kwa nani. Na kama wangemfungia mlango, hasara isingekuwa yake peke yake. Ingekuwa yetu sote tunaomsoma hadi leo. Katika watoto waliovushwa ziwa Nyasa kwa minyororo, ni wangapi waliokuwa na akili ya Yaqut na hawakukutana na mkutubi?

Wajibu wa mtunza maktaba

Qadhi Tajuddin as-Subki wa Damascus, mwanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 771 Hijria (1370), ana kitabu kiitwacho Mu'id an-Ni'am alichoeleza humo wajibu wa watu wa kazi mbalimbali, kuanzia sultani hadi fundi. Mtunza vitabu naye amepewa fungu lake. As-Subki anamtaka avihifadhi, avitengeneze vilivyochakaa, avijalidi vinapohitaji, asivitoe ovyo kwa asiye mtu wake, na avitoe kwa mwenye haja. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi hatulitekelezi: katika kuazimisha, awatangulize mafakiri ambao ni vigumu kwao kuvipata vitabu, mbele ya matajiri. Na mwenye kuweka wakfu akishurutisha kitabu kisitoke ila kwa rehani, sharti lake ni sahihi.

Sisi tunafahamu kuwa asiye mtu wake hapa ni yule atakayekiharibu kitabu au asiye na haja nacho, kwani anayekabiliana naye katika maneno hayo ni mwenye haja. Mwenye elimu zaidi akituonyesha vingine tutarejea.

Serikali yetu nayo ilijenga juu ya msingi unaofanana na huu. Sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanganyika. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Na sheria mpya ikafuata mwaka 1975. Kampeni ya kisomo cha watu wazima, pamoja na maktaba za vijiji zilizofuatana nayo, ilikuta watu wazima wasiojua kusoma ni asilimia 67 mwaka 1967, na kwa hesabu za serikali ikawaacha chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Maktaba ya kijiji mara nyingi ilikuwa kabati moja tu. Lakini mbele ya kabati lile Mwislamu na Mkristo, Mmatengo na Myao, walipanga mstari mmoja. Kabati nyingi za namna ile zilikufa hali ya uchumi ilipoharibika. Maktaba ya mkoa iko Songea, na kutoka Mbamba Bay ni zaidi ya kilomita 150. Lami imefika, lakini nauli ya mwanafunzi haijafika.

Jibu la swali

Kwanza, vitabu vya watu si mirathi. Kitabu cha Kinyanja ni amana, na kila kitabu chenye jina la mwingine kirejeshwe kwa mwenyewe au kwa warithi wake kabla ya lolote. Kisha yalipwe madeni, na utekelezwe wasia usiozidi thuluthi.

Pili, kilichobaki ni mali ya warithi wote. Kijana hawezi kuweka wakfu fungu la nduguze bila ridhaa yao. Lakini katika madhehebu ya Shafi wakfu wa fungu lisilogawanywa unasihi, kwa hiyo aanze na fungu lake, na watu wazima wanaoridhia wamfuate. Fungu la mdogo asiyebaleghe lithaminiwe na lihifadhiwe. Wema wetu usiende kwa mali ya yatima. Na kitabu kinafaa kwa wakfu, kwa kuwa kinatumiwa na dhati yake ikabaki.

Tatu, kuhusu jirani asiye Mwislamu. Imam an-Nawawi (Mwenyezi Mungu amrehemu) ameeleza katika Minhaj kuwa wakfu juu ya dhimmi unasihi. Ikiwa inafaa kumwekea wakfu yeye mwenyewe, basi kumwingiza katika jumla ya majirani watakaosoma fiqhi, lugha, historia na kilimo ni jambo jepesi zaidi. Aya ya 13 ya Surat al-Hujurat imetaja kuwa watu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane. Na watu watajuanaje ikiwa kila mmoja amefungia sanduku lake? Msahafu una adabu zake: uwekwe katika kabati la peke yake, na ufunguo awe nao mtunzaji. Hilo linatosha kuwatuliza wazee wetu, wala halihitaji kuufunga mlango wa chumba kizima.

Nne, awepo mtunzaji mmoja anayejulikana, mwenye daftari la vitabu na daftari la kuazima. Rafu zisiguse udongo wala ukuta. Na chumba kipokee pia vya majirani: kitabu cha Kinyanja, maandishi ya Peramiho, na daftari ambamo wazee wa Kimatengo na Kinyasa wataandikiwa habari zao kwa lugha zao. Mtu akiona cha kwao kimewekwa kwa heshima, hatakichana cha mwenziwe.

Warithi wa nyumba ile waliridhia, isipokuwa mmoja aliyechukua fungu lake, na hiyo ni haki yake. Kitabu cha sala kilirejeshwa kwanza kabisa. Mjukuu wa mwenyewe alikuja kukipokea, akaketi nasi barazani, akasema kwao kuna kamusi ya Kiarabu isiyojulikana ya nani, ataileta. Kabla ya kuondoka aliuliza chumba kitafunguliwa lini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.