Namba ya NIDA, TIN na namba ya siri: ipi itolewe?

Mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama anayelipwa kwa simu atofautishe namba tatu. Ya NIDA, yenye tarakimu 20, humtambulisha mtu. TIN ya TRA, yenye tarakimu 9, huonyesha kodi ni ya nani. Namba ya siri hufungua pesa zako.

Asili katika miamala ni ruhusa. Hivyo inajuzu kutoa mbili za kwanza kwa mtoa huduma aliyesajiliwa, kwa kazi inayojulikana. Kwake yeye ni amana: Surat An-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inalinda taarifa hizo.

Kutumia TIN ya mwenzako ili mauzo yako yasomeke kwake ni udanganyifu, na deni la kodi huweza kumwangukia yeye.

Namba ya siri haihitajiki kwa kodi; asipewe yeyote, hata wakala unayemwamini. Kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Ujumbe wa matapeli utume 15040.

Wallahu a'lam.