Ndani ya uzio, nje ya uzio: Afya ya mchimbaji kutoka Mwadui hadi Geita

Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ya Tanganyika, ikibana matumizi kwa sababu ya mdororo wa uchumi duniani, iliivunja Idara ya Kazi. Idara hiyo iliyoongozwa na Granville Orde-Browne ilikuwa changa, na kazi yake ilikuwa kufuatilia hali ya vibarua: wanalala wapi, wanakula nini, wakiugua nani anawatibu. Mwaka huohuo Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu. Bei ya dhahabu ikapanda, na watafuta madini wakamiminika Lupa huko Mbeya na kwenye vilima vya kusini mwa Ziwa Victoria. Mbio za dhahabu zikapamba moto wakati mkaguzi ameshafungasha virago.

Sheria haikukosekana. Tangu 1923 ilikuwepo Sheria ya Mabwana na Watumishi wa Kiafrika, iliyomtaka mwajiri ampe kibarua wake chakula, mahali pa kulala na matibabu. Lakini ilimhusu aliyekuwa na mwajiri. Hapo ndipo ulipoanza mgawanyiko ambao umedumu Shinyanga na Geita kwa zaidi ya miaka 90: aliyeandikwa kwenye daftari la mishahara alitibiwa, asiyeandikwa alijitibu.

Vumbi la kwatzi, uzio wa almasi

Dhahabu ya Geita iligunduliwa wakati wa Wajerumani, mwaka 1898, lakini mgodi mkubwa wa kwanza ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966. Watu walishuka chini ya ardhi kufuata mwamba wa kwatzi. Mwamba huo ukitobolewa mkavu hutoa vumbi laini lenye silika, linalopita puani na kwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu. Mapafu huota makovu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa. Tena hukifungulia mlango kifua kikuu.

Ubaya wake ni kwamba hauna haraka. Mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, na kufikia hapo mchimbaji ameshaacha kazi, amerudi kwao Sengerema au Maswa na analima pamba. Afrika Kusini, ambako migodi ilikuwa na watu wengi na vifo vilihesabika, sheria ya fidia kwa ugonjwa huo ilipitishwa mwaka 1911. Tanganyika ilisubiri hadi 1949 kupata sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Hata hiyo ilimfaa zaidi aliyevunjika mguu kazini mbele ya mashahidi kuliko aliyeanza kukohoa nyumbani kwake baada ya miaka kumi na tano. Mgodi wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, gharama zikiwa zimepanda na bei ya dhahabu duniani ikiwa bado imegandishwa kwenye dola 35 kwa wakia, kila mtu aliondoka na mapafu yake.

Mwadui ilikuwa habari nyingine. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi hapo, kaskazini mashariki mwa mji wa Shinyanga, na katika miaka iliyofuata akajenga mji mzima: nyumba, shule, maduka, uwanja wa ndege na hospitali. Mwadui ikawa gumzo duniani, hasa baada ya kupatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947.

Mji huo ulizungushiwa uzio, na uzio uliwekwa kwa ajili ya almasi, si kwa ajili ya afya. Lakini mwajiri akishawafungia watu mahali, hana budi kuwatunza humo humo. Mfanyakazi mgonjwa hawezi kuchekecha mchanga, na fundi ambaye mtoto wake hana daktari hakai porini. Ndiyo maana hospitali ya Mwadui ilidumu hata Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi ukaingia mikononi mwa De Beers na serikali, na baadaye ukapita mikono mingine. Kwa vizazi kadhaa vya Wasukuma wa maeneo yale, kupata kazi "ndani" kulimaanisha mshahara, na pia sindano, chandarua na wodi ya wazazi.

Migodi mipya, malalamiko ya zamani

Mwishoni mwa karne ya 20 dhahabu ilirudi kwa kishindo. Bulyanhulu, wilayani Kahama, wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996 ili kupisha kampuni. Kampuni ya Barrick iliununua mradi huo mwaka 1999 na mgodi wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Mgodi mpya wa Geita ulikuwa umeshafunguliwa mwaka 2000.

Safari hii teknolojia ilikuwa tofauti. Mitambo hutoboa mwamba huku ikimwaga maji ili vumbi lisiruke, feni kubwa husukuma hewa chini, na mgeni haingii bila kofia ngumu, buti na barakoa. Sheria nayo iliamka. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, uliundwa mwaka 2001, na sheria yake ya mwaka 2003 ikamtaka mwajiri ampime mfanyakazi afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda. Ukimwi, uliokuwa ukichukua vijana wenye fedha mfukoni walioishi mbali na wake zao, ulizilazimisha kampuni kutazama hata nje ya geti: tangu 2002 mgodi wa Geita huendesha Kili Challenge, kampeni ya kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangia mapambano dhidi ya VVU.

Hata hivyo, Oktoba 2007 wafanyakazi wa Bulyanhulu waligoma. Mishahara ilikuwa hoja, na afya na usalama pia vilikuwa hoja. Kampuni ikasema mgomo si halali, na zaidi ya watu elfu moja wakapoteza kazi. Mgomo ule ulianika hofu ya kila aliyeajiriwa mgodini: huduma zote zile, daktari, gari la wagonjwa na vipimo, zinaishia pale ajira inapoishia. Na ugonjwa wa vumbi, kama tulivyoona, hungoja ajira iishe.

Sheria ya fidia wakati huo ilikuwa bado ileile ya mkoloni, na kiwango cha juu cha malipo kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Mgonjwa na msindikizaji wake wangeweza kuzimaliza kwa nauli ya kutoka Kahama hadi Dar es Salaam na malazi ya siku chache. Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Sasa waajiri wote huchangia sehemu ya mishahara wanayolipa, na aliyeumia au kuugua kutokana na kazi hulipwa na mfuko, hata pensheni ya kila mwezi, bila kumbembeleza bosi wake. Haya ni mabadiliko makubwa kuliko yote yaliyotajwa katika makala haya. Lakini nayo yalianza na neno lilelile: mwajiri.

Duara halina mwajiri

Toka nje ya uzio, nenda Nyarugusu, Lwamgasa au Mgusu. Hapa wachimbaji wadogo ni wengi kuliko waajiriwa wa migodi mikubwa, na mkataba wao ni mgao. Mwenye leseni huchukua sehemu yake, mara nyingi asilimia 30. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, huondoa gharama zake: chakula, matimba ya kuzuia kuta, mafuta ya pampu, baruti. Mifuko ya mawe inayobaki ndiyo wanayogawana walioshuka chini. Kwa hesabu hiyo mchimbaji si mwajiriwa, ni mshirika. Ni mshirika kwenye mfuko wa mawe, lakini kifua ni chake peke yake.

Chini ya duara anapiga nyundo na tindo kwenye mwamba mkavu, tochi imefungwa kichwani, na kitambaa puani kama anacho. Mawe yakipanda juu kwa winchi, huenda kwa kina mama wanaoyaponda kwa nyundo, kisha kwenye karasha yanakosagwa. Saa chache baada ya karasha kuwashwa, wote waliopo wana nyusi nyeupe kama watu wa mashine ya kusaga unga. Mama ameziba pua kwa ncha ya kanga, na mtoto mgongoni hana cha kuzibia. Vumbi hilo ni lile lile la kwatzi la mwaka 1936.

Halafu inakuja zebaki. Mchanga uliooshwa mwaloni, mahali pa kuchekechea, huchanganywa na zebaki kwenye karai, kwa mkono mtupu, mpaka dhahabu inaswe. Donge hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa juu ya mkaa, mara nyingi uani karibu na sufuria za chakula. Zebaki hupanda kama mvuke usioonekana na kuharibu mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, usingizi hukata, kumbukumbu hupotea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa uliwapima watu wa Lwamgasa na kukuta sumu hiyo miilini mwa wachomaji. Wataalamu walifundisha kutumia ritoti, chombo kinachokamata mvuke na kuirudisha zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na shirika la madini la serikali, STAMICO, lina vituo vya mfano Lwamgasa na Katente vinavyochenjua dhahabu bila zebaki. Lakini zebaki inakupa fedha leo jioni, na mchimbaji mwenye deni la chakula hasubiri.

Ajali ndizo huifanya nchi nzima igeuke na kutazama. Oktoba 2015 duara lilititia Nyangalata, Kahama, na msako ukasitishwa watu wakidhani waliokuwa chini wameshakufa. Baada ya siku 41 wachimbaji wenzao walisikia sauti, na watano wakatolewa hai, wakiwa wameishi kwa mizizi, vyura na mende. Januari 2017 watu 15 walifukiwa katika mgodi wa RZ mkoani Geita. Huko kulikuwa na kampuni na zamu ya kazi, na wote waliokolewa baada ya siku tatu. Agosti 2025 maduara yalititia Nyandolwa, Shinyanga, na watu 25 wakafukiwa.

Kila msiba ulifuatiwa na viongozi, maagizo na kufungiwa kwa mgodi kwa muda. Vumbi halikuwahi kuitishiwa mkutano wa hadhara.

Inasemwa kwamba haiwezekani kumchangisha mtu asiye na mshahara kwa ajili ya fidia au bima. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani, dhahabu ilipokuwa ikiuzwa gizani. Tangu 2019, soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita na mengine kufuata, serikali imekuwa ikikata mrabaha na ada ya ukaguzi hapo hapo kwenye mzani, bila kuuliza muuzaji ana mwajiri au hana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa, mwaka 2023. Na mgao wenyewe una desturi ya kutoa gharama kwanza ndipo watu wagawane: mafuta ya pampu hayasubiri huruma ya mtu. Mfuko mmoja ukitolewa kabla ya mgao kwa ajili ya bima na kipimo cha kifua cha kila mwaka, chini ya jina la mwenye leseni anayejulikana na Tume ya Madini, itakuwa mara ya kwanza katika historia ya ukanda huu kwa matibabu kuufuata mwamba badala ya daftari la mishahara. Mzani upo, leseni ipo, na sheria ipo. Kilichobaki ni serikali kumhesabu mchimbaji kwa bidii ileile inayohesabia gramu zake.